Shajara ya mradi: mashine ya gemu ya Ngamiani

Jumamosi, 13 Januari

Mashine imeshuka leo kutoka kwenye kirikuu, wabebaji wanne na kelele za mtaa mzima. Kabati ni la plaiwudi nene, limenizidi urefu kidogo. Kioo cha mbele kina vumbi la kuandikia jina lakini hakina ufa. Mzee aliyeniuzia alikuwa na banda la gemu hapahapa Ngamiani, Tanga, miaka ya tisini, kabla pleisteshen hazijawafungisha wenye mabanda. Tangu hapo mashine ilikaa stoo nyuma ya nyumba, chini ya turubai, wakaingia wapangaji wengine: panya na mende.

Mzee alitaka kuniuzia bodi ya gemu peke yake. "Mwanangu, pesa iko hapa," akaipiga kofi. Kabati na TV yake alikuwa tayari kunitupia kwa bei ya kuni. Wakati huo mimi nilikuwa nimeinama nyuma na tochi, naimulika shingo ya tyubu, ile chupa ya kioo inayotoa picha. Pale kioo kinapoanza kupanuka, kwa ndani, pana doa la rangi ya fedha lenye ukubwa wa sarafu. Ni madini ya bariamu yaliyopakwa kiwandani ili yameze hewa yoyote iliyosalia ndani. Doa likiwa bado linang'aa, tyubu imeshika. Likigeuka jeupe, hewa imeingia, na hapo hata fundi wa Japani hakusaidii. Hili linang'aa. Nikazima tochi, nikajifanya sijaona kitu, tukaendelea kuvutana. Tukamalizana laki tatu na nusu kwa vyote, gari juu yangu.

Niliseme mapema kwa wanaofikiria kununua mashine hizi: muuzaji anaangalia gemu, wewe angalia tyubu. Bodi ikifa inatengenezeka, au unapata nyingine, au unaweka ile ya Kichina yenye gemu mamia ndani. Tyubu ikifa hakuna duka la kwenda. Hata Sony waliacha kutengeneza tyubu zao za Trinitron mwaka 2008. Zilizopo ndizo hizo, na kila siku zinapungua.

Jumapili, 14 Januari

Watoto wa jirani wanauliza inawaka lini. Haichomekwi leo wala kesho. Kitu kilicholala miaka ishirini kwenye hewa ya chumvi ukikichomeka tu ili uone, unaona moshi.

Kazi ya leo ni kufungua, kupuliza vumbi na kusoma vibandiko. Ndani kuna transfoma kubwa yenye tapu za 220, 230 na 240, kwa hiyo mashine ilitengenezwa kwa soko la Ulaya na umeme wetu wa 230 hauna ugomvi nayo. Ukipata kabati la Kijapani, lile linataka volti 100, la Kimarekani 120, na lazima ulitafutie transfoma ya kushusha. Hii transfoma ya ndani ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: inaitenganisha monita na umeme wa ukutani. Monita nyingi za zama zile chasisi yake haikutengwa na umeme, ndiyo maana transfoma iko pale. Nimewahi kuona kabati ambalo mtu kaing'oa akauze shaba, kisha akaunga waya moja kwa moja. Picha ilikuwa inatoka vizuri tu. Fremu ya chuma je, ungeishika?

Kisha tyubu. Hata ikiwa imezimwa, tyubu inaweza kushikilia chaji, na ikiwaka inabeba volti elfu ishirini na zaidi. Namna ya kuitoa chaji hiyo: bisibisi bapa yenye shingo ndefu na mpini wa plastiki mzima, waya wenye klipu, ncha moja kwenye chuma cha bisibisi, nyingine kwenye ule waya wa kusuka unaopita mgongoni mwa tyubu. Mkono mmoja mfukoni. Unaingiza ncha taratibu chini ya kofia ya mpira ubavuni mpaka iguse kibanio. Wakati mwingine unasikia "tak", wakati mwingine kimya. Unasubiri kidogo, unarudia, maana kioo kina tabia ya kurudisha chaji chenyewe. Mdogo wangu alisimama karibu na swichi kuu muda wote. Sifanyi hii kazi nikiwa peke yangu nyumbani, na wewe usifanye.

Jumamosi, 20 Januari

Pawasaplai ya zamani imejaa kutu mpaka kwenye skrubu, nimeitoa. Nimeagiza mpya ya Kichina kutoka Kariakoo, ikaja na basi, nikaipokea stendi ya Kange. Inatoa +5, +12 na -5, ndizo zinazotakiwa na waya za JAMMA.

Kwa wasiojua: JAMMA ni mpangilio wa waya uliokubaliwa na chama cha watengenezaji wa mashine za burudani wa Japani mwaka 1985. Kiunganishi kina nafasi 56 za pini, 28 kila upande: umeme, picha, spika, joistiki, batani, sarafu, vyote mahali pamoja. Ndiyo sababu kabati la mwaka 1990 linapokea bodi ya juzi. Nafasi ya 7 haina pini, ina kizuizi cha plastiki ili bodi isiingie kinyume. Kwenye waya zangu kizuizi hakipo, kuna aliyekitoa. Nimekata kipande cha kadi ya simu nikakikaza humo kabla ya kufanya jambo lingine lolote, maana bodi ikigeuzwa inapokea volti 12 mahali pasipo pake.

Volti tano usizipimie kwenye pawasaplai. Pimia kwenye bodi yenyewe ikiwa inafanya kazi. Waya zimechoka, viunganishi vina kutu, na kati ya pale na pale unaweza kupoteza nusu volti. Mimi nilipata 5.05 kwenye pawasaplai na 4.6 kwenye bodi. Kwa 4.6 gemu inajiwasha na kujizima, na mtu atakuapia kuwa bodi mbovu. Nimebadilisha waya wa +5 na wa graundi kwa nene zaidi, sasa inasoma 4.98. Kijiskrubu cha kupandisha sijakigusa.

Jumamosi, 3 Februari

Bodi. Ni Street Fighter II, ile ya Capcom ya 1991, ila hii ni nakala ya mtaani isiyo na chapa, kama zilivyokuwa nyingi zilizofika pwani yetu. Sina shida nayo. Nakala hizi zina nafuu moja: hazina betri ya kujiua. Bodi za Capcom za CPS-2, zilizoanza 1993, zina betri inayoshikilia funguo za kufungulia programu. Betri ikiisha, gemu inakufa palepale ilipo, ingawa siku hizi wataalamu wanajua namna ya kuirudishia funguo. Kuna jamaa wa Dar ananitongoza na bodi ya Neo Geo MVS. Nimemwambia anitumie kwanza picha ya betri, si ya gemu ikichezwa. MVS zina betri ya Ni-Cd ya volti 3.6, ikizeeka inavuja na kula njia za shaba zilizo jirani. Ukiona ukungu wa kijani au bluu pale, shusha bei au aga. Uchafu ule ni wa alkali, unauvunja kwa siki kwanza, ndipo unasafisha kwa spiriti.

Meno ya bodi, yale yanayoingia kwenye kiunganishi, yalikuwa meusi. Fundi redio wengi mkono unakimbilia msasa. Usikubali: pale juu kuna tabaka jembamba mno, msasa unaliondoa na chini yake ni shaba inayosubiri chumvi ya Tanga. Ufutio wa penseli unatosha, kisha kitambaa na spiriti. Baada ya kufuta jino la tatu hivi rangi ya njano ikaanza kutokea, nikajua tuko pazuri.

Chipu za kumbukumbu nazo zina dirisha dogo la kioo juu, na stika zake nyingi zimebanduka. Dirisha lile si urembo. Chipu hizi hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno, na watengenezaji wenyewe wanasema jua la moja kwa moja linaweza kuzifuta kwa wiki moja hivi, taa za tyubulaiti kwa miaka mitatu. Nimeziba zote. Mnaopiga picha bodi zenu uani saa saba mchana, mmesikia.

Nimewasha. Sauti ipo! Wimbo wa kuanzia umetoka kwenye spika iliyochanika, mdogo wangu akaruka. Picha: mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, basi.

Jumapili, 11 Februari

Mstari ule ukiuona, punguza mwanga haraka au zima, la sivyo unachoma fosfori, ule unga unaong'aa ndani ya kioo, na alama inabaki milele.

Nimemchukua fundi wa Barabara ya 13. Ni mtu mzima, alianza na redio za mbao, akala mkate wake mrefu kwenye TV za chogo, na sasa meza yake imejaa ving'amuzi na chaja. Wengi wanadhani mabadiliko ya dijitali ndiyo yaliyoua chogo. Yeye anakataa. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mwishoni mwa 2012 watu walinunua king'amuzi wakachomeka kwenye chogo zilezile, na yeye alikula vizuri tu. Kilichoua ni flati kushuka bei.

Nilimwamkia, akaitikia, akatazama mstari kabla hata hajakaa. "Vetiko," yaani sehemu inayoitanua picha juu na chini.

Akachukua mpini wa bisibisi, akaanza kugonga chasisi polepole, upande huu, upande ule. Alipofika karibu na kipoza joto, mstari ukafunguka, nusu sekunde tukawaona wapiganaji wawili wamesimama, ukajifunga tena. Akatabasamu. "Umeona? Haijafa kitu."

Akaitoa chasisi, akaigeuza, akaniita na miwani yake ya kukuzia. Kwenye miguu ya aisii, yaani chipu, ya vetiko, risasi inayozunguka kila mguu ilikuwa na duara jembamba jeusi, jembamba kuliko unywele. Ni ufa. Aisii ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, na ukizidisha hilo kwa miaka ya banda linalofunguliwa asubuhi na kufungwa usiku, risasi inachoka na kuachana na mguu. Macho matupu yangepita juu yake mara mia. Hakuongeza risasi juu ya risasi, hilo alinikemea nilipouliza. Aliinyonya yote ya zamani, akasafisha, akaweka mpya mpaka ikang'aa na kupanda mguuni. Akapita pia miguu ya flaibeki, ile transfoma ya umeme mkubwa wa tyubu, na viunganishi vyote vizito, maana anasema ufa haupendi kukaa peke yake.

Akabadilisha na kapasita mbili zilizo jirani na kipoza joto. Kasema nitafute nyingine zote za chasisi, na ziwe za nyuzi 105, si 85, kwa joto la ndani ya kabati.

Tukawasha. Picha imejaa kioo. Rangi zimekaa, nyekundu imelegea kidogo. Na hapo ndipo kovu likaonekana: hata gemu ikiwa kwenye skrini nyeusi, juu kuna vivuli vya mistari miwili mirefu, ile ya nguvu za wapiganaji, imeungua kwenye fosfori. Banda la mzee halikuwa na gemu nyingine.

Malipo yake alisema nimpe nitakacho. Nilimpa zaidi ya alichotarajia, na nimemwomba aje tena nikiwa na kamera. Mpwa wake anayemsaidia mezani anajua simu peke yake. Chogo haitaki hata kuifungua, anasema inaua.

Jumamosi, 2 Machi

Kapasita zote zimebadilishwa, nyekundu imeamka. Kulikuwa na mlio wa "ssss" usiku, hewa ikiwa nzito: umeme mkubwa unatafuta njia kwenye uchafu uliozunguka ile kofia ya mpira. Nikatoa chaji, nikafuta kioo na kofia kwa spiriti, nikapaka grisi ya silikoni. Kimya.

Jumamosi, 23 Machi

Mfungo umeingia, kazi zinafanyika baada ya tarawehe.

Tyubu hii ina umri na kovu, nataka ya akiba. Inchi 20 na 21 za chogo ndizo zinazokaribiana nayo, ila si kila moja inakubali. Shingo lazima ilingane unene, soketi ya nyuma iingie, na yoki, yaani koili zilizovaa shingoni mwa tyubu, ipimwe kwa mita: koili za mlalo na za wima zikisoma karibu na za yoki yangu, unahamisha tyubu pamoja na yoki yake na huhangaiki kupanga rangi upya. Zikitofautiana sana, unabaki na picha finyu, au chasisi inapata moto.

Nilidhani chogo zimejaa kila uchochoro. Zilijaa. Nimezunguka Makorora, Mabawa na Nguvumali, na kila nyumba inajibu hivyohivyo: ilikuwepo, imechukuliwa na wa vyuma chakavu. Nikaenda kwenye mzani wenyewe. Nyuma ya uzio kulikuwa na tyubu zimelala kifudifudi, shingo zimevunjwa kwa nyundo ili yoki itoke. Wanachotaka ni shaba ya koili, na kioo wanalipa mtu akitupe. Kijana wa pale alinionyesha gunia la yoki akidhani nimekuja kununua shaba. Nikamwuliza anaweza kuniwekea TV nzima bila kuivunja. "Kaka, ukinilipa ya shaba na ya soda, nakuwekea." Namba yangu anayo. Nilipomwambia nachukua hata tatu, akaniangalia kwa huruma.

Jumamosi, 13 Aprili

Idd imepita, mashine imetoka barazani. JAMMA ya kawaida inabeba batani tatu kwa mchezaji na hii gemu inataka sita, za ngumi na za mateke, kwa hiyo mateke yana waya zake pembeni. Mikroswichi nimenunua mpya, zile za zamani zilikuwa zinaitikia zikitaka.

Sarafu. Kipokezi cha kimakanika kilikuwa cha hela za Ulaya. Nimeweka cha kulinganisha: ndani yake unabana sarafu moja ya mfano, na kila inayoingia inalinganishwa na hiyo. Nimebana ya shilingi 200. Kinakula volti 12 za pawasaplai ileile.

Ilipowaka barazani, haikuchukua muda mwenyekiti wa mtaa akaja na mama mmoja ambaye mwanawe ameshafilisiwa na dubwi. Wamesikia naleta mashine ya kamari. Sikuwalaumu hata kidogo. Kabati, taa, tundu la sarafu, watoto wamezunguka: nani asingedhani? Nikawafungulia mlango wa mbele, nikawaonyesha. Dubwi ina mahali pa kutolea hela, hii haina. Ukiingiza mia mbili umenunua mchezo, ukishinda unapata kuendelea kucheza, ukishindwa unaenda nyumbani. Mwenyekiti akataka kujaribu. Akachagua yule jitu mwenye mieleka, akapigwa na mtoto wa darasa la nne, akadai batani hazifanyi kazi. Mama alikaa kimya, kisha akasema, "Saa za shule iwe imefungwa." Nimekubali. Kufuli imewekwa kwenye swichi, na bango limeandikwa kwa mkono wa mdogo wangu.

Jumapili, 28 Aprili

Masika imekolea. Kabati limehamia chumba cha uani, inchi chache kutoka ukutani lipumue, limeinuliwa kwa matofali maana mchwa wa huku hawaombi ruhusa. Ndani, chini kabisa, nimeweka balbu ndogo ya waya, ya zamani ya kupata moto, iwake mashine ikiwa imezimwa. Wanaotunza nguo kabatini pwani hii wanajua kazi yake. Kabla ya balbu, plaiwudi ilikuwa na ubaridi wa unyevu kila asubuhi. Sasa ni kavu.

Umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo Alhamisi. Stabilaiza ilikata, fyuzi ya monita ikaungua, tyubu ikapona. Nimeweka fyuzi ya kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye chasisi. Waya wa ethi sasa unafika kwenye mlango wa sarafu, kwenye sahani ya joistiki na kwenye fremu ya monita, na nimeupima mpaka kwenye fimbo iliyozikwa nje.

Kijana wa mzani amepiga simu: ana chogo mbili za inchi 21, nzima, moja imetoka Pongwe. Fundi amekubali tuzifungue Jumamosi, na safari hii mpwa wake anakuja, kwa sharti la kucheza bure. Spika bado inavuma upande wa chini, nashuku kapasita kubwa ya amplifaya kwenye bodi. Nimeagiza mbili.